Darubini ya bei nafuu haionyeshi nyota vizuri: tafuta chanzo kabla ya kuirudisha dukani

Darubini mbili za macho mawili zinaweza kutoka kiwanda kimoja, ndani ya maboksi yanayofanana, kwa bei ileile ya chini. Moja ikakuonyesha miezi minne ya Mshtarii (Jupita) na nyota nyingi za Kilimia ambazo macho matupu hayazifikii, na nyingine ikakuachia maumivu ya kichwa. Kwenye vifaa vya bei nafuu ukaguzi wa kiwandani huwa hafifu, kwa hiyo kazi hiyo inamwangukia mnunuzi. Kusoma sifa za toleo fulani hakutoshi. Unapaswa kuipima hiyo hiyo uliyoishika mkononi.

Shida ni kwamba lalamiko moja lina vyanzo vingi. "Sioni vizuri" inaweza kutokana na jicho lako, mikono yako, hewa iliyo juu yako, au darubini, na ni hicho cha mwisho tu kinachostahili safari ya kurudi dukani. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu chombo, fanya mambo matatu. Funga jicho moja, kisha jingine, uone kama tatizo liko upande mmoja. Iegemeze darubini mahali itulie, tazama kwa jicho moja huku ukiinamisha kichwa kulia na kushoto, uone kama kasoro inazunguka nawe. Halafu mpe mtu mwingine atazame. Kasoro inayomfuata mtu ni ya jicho. Inayobaki kwenye mrija uleule, awe nani anayetazama, ni ya chombo.

Na jambo moja lisilo na mjadala: usiielekeze darubini kwenye jua, hata kwa sekunde, hata linapozama. Majaribio ya mchana yaliyotajwa hapa chini yafanye ukiwa umelipa jua mgongo.

Nyota moja naiona mbili, au kichwa kinauma baada ya dakika chache

Hili ndilo tatizo zito kuliko yote, na ndilo linaloziharibu darubini nyingi za bei ya chini. Ndani ya kila mrija kuna lenzi ya mbele, prizimu zinazoigeuza picha isimame wima, na lenzi ya jicho. Mirija yote miwili inatakiwa itazame mahali pamoja. Prizimu ikisogea kidogo tu, kwa kuanguka, kwa kutikiswa safarini, au kwa sababu haikukazwa vizuri tangu mwanzo, mirija inapishana na kila jicho linaletewa picha iliyo mahali tofauti.

Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukiona maduara mawili ya mwanga yaliyopandana, kama yanavyochorwa kwenye sinema, mirija haina kosa. Ni upana wa bawaba tu ambao haujalingana na nafasi kati ya macho yako. Ikunje au ikunjue taratibu mpaka maduara yawe moja. Lakini kama duara ni moja na ndani yake nyota ni mbili, hapo mirija imepishana.

Ubaya wake ni kwamba ubongo hufanya bidii kuficha kosa hili. Misuli ya macho hujivuta ili picha mbili ziungane, na mtu anaona nyota moja huku paji la uso likianza kukaza. Kwa hiyo kuona nyota moja si ushahidi kwamba darubini ni nzima. Angalia sekunde ya kwanza unapoileta machoni: kama nyota zilikuwa mbili kisha zikavutana zikawa moja, umeshapata dalili.

Kipimo cha uhakika ni hiki. Iweke darubini kwenye stendi au juu ya ukuta, lenga nyota angavu au Mshtarii, ukaze picha (yaani uzungushe gurudumu la katikati) mpaka nyota iwe nukta. Kisha zungusha pete ya upande mmoja (ile iliyo kwenye lenzi ya jicho, mara nyingi ya kulia) mpaka upande huo nyota ivimbe kuwa kiduara. Ubongo hauwezi kuunganisha nukta na kiduara, kwa hiyo unaacha kujitahidi, na macho yanaeleza ukweli. Nukta ikiwa ndani ya kiduara au jirani yake kabisa, mirija imelingana. Ikiwa iko nje, tazama ni upande gani. Kupishana kulia na kushoto macho huweza kukuvumilia kwa kiasi, maana yamezoea kugeukia ndani tunaposoma. Kupishana juu na chini hayana uwezo nako. Hata tofauti ndogo inachosha. Kuna na kupishana kwa nje, ambako macho yanalazimika kutazamana migongo. Nako hakuvumiliki.

Ukiwa dukani mchana, tumia mstari mlalo ulio mbali, kama ukingo wa paa. Utazame kawaida, kisha rudisha kichwa nyuma polepole mpaka kwenye lenzi za jicho ubaki unaona viduara viwili vidogo. Mstari unapaswa kukata viduara vyote kwa kimo kimoja. Ukipanda upande mmoja na kushuka mwingine, irudishe kabatini na uombe nyingine ya aina hiyohiyo. Wauzaji wengine watanung'unika. Waache.

Tiba ya nyumbani ipo, ila ina mipaka. Chini ya ngozi ya mpira, karibu na prizimu, mara nyingi kuna skrubu ndogo zinazoinamisha prizimu. Ukizigusa, zungusha kidogo sana kila mara, uweke alama pale zilipokuwa, na ufanye kazi ukiwa umelenga nyota. Utakachopata ni ulinganifu wa upana mmoja wa bawaba, yaani wa macho yako. Mwenye nafasi tofauti kati ya macho akiikunjua, picha zitaachana tena, kwa sababu hakuna uliporekebisha mirija kulingana na mhimili wa bawaba yenyewe. Hilo linahitaji vifaa vya fundi. Kwa darubini iliyo ndani ya muda wa dhamana, mimi nisingefungua hata skrubu moja. Ningeirudisha.

Zile zenye zumu, zinazojinadi kukuza mara 10 hadi 30, zina kasoro hii karibu kwa kuumbwa kwake. Lenzi za pande zote mbili lazima zisogee kwa kipimo kilekile kwa wakati mmoja, na mfumo wa bei nafuu hauwezi. Zinalingana mara 10, zinaachana mara 20. Juu ya hapo, eneo zinaloonyesha la anga huwa finyu. Kwa kutazama nyota, ziache kabisa.

Nyota haiwi nukta, hata nikizungusha gurudumu vipi

Anza na utaratibu, maana wengi hawajawahi kuelezwa kazi ya ile pete ya pembeni. Funika lenzi ya mbele ya upande wenye pete. Tazama nyota kwa jicho lililobaki, ukazungusha gurudumu la katikati mpaka nyota iwe ndogo kabisa. Sasa funika upande wa pili, na bila kuligusa gurudumu, zungusha pete mpaka nyota ya upande huu nayo iwe ndogo kabisa. Kuanzia hapo unatumia gurudumu peke yake. Kufunika lenzi ni bora kuliko kufumba jicho, kwa sababu kufumba kunakunja uso na kulibana jicho linalotazama.

Baada ya hapo, kama upande mmoja bado unagoma, fuata dalili hizi.

Gurudumu limefika mwisho kabla nyota haijawa nukta. Nyota ziko mbali kuliko kitu chochote cha duniani, na gurudumu linatakiwa lifike kwenye nyota kisha libaki na nafasi ya kuendelea mbele kidogo. Nafasi hiyo ndiyo wanayoitegemea wenye macho yasiyoona mbali wanapovua miwani. Darubini isiyo na nafasi hiyo inaweza kumfaa mwenye macho mazima na isimfae ndugu yake. Jaribu na miwani yako ya kawaida. Ikikubali, chombo hakina hatia. Zile zisizo na gurudumu kabisa, zinazosifiwa kwamba "hazihitaji kurekebishwa", zimefungwa kwa umbali mmoja na kukuachia jicho lako limalizie kazi. Kwa nyota jicho mara nyingi halimalizii.

Nyota inakuwa nukta, kisha inapotea ukigusa. Shika lenzi ya jicho moja uisukume taratibu kwa kidole. Daraja linalobeba lenzi za jicho likitikisika, basi kila uso wako unapoegemea, upande mmoja unasogea. Ni kasoro ya kawaida ya bei nafuu. Kidogo kinavumilika ukijifunza kutoegemeza uso. Kikizidi hutamaliza dakika moja bila kukaza upya. Pete ya pembeni inayoteleza yenyewe ni jambo dogo: kipande cha utepe kinaishika.

Nyota ina miale miwili, au msalaba, au mkia. Inamisha kichwa. Miale ikizunguka pamoja na kichwa, ni umbo la jicho lako, na miwani yenye kipimo sahihi ndiyo dawa; tazama ukiwa umeivaa. Miale isipozunguka, ni vioo. Nyota ya pembetatu humaanisha lenzi imebanwa mno na pete inayoishikilia. Mstari mmoja mwembamba unaokatiza nyota angavu tu, kwenye darubini zenye mirija iliyonyooka, hutokana na ukingo wa prizimu yake. Ukiwa hafifu ni wa kuzoeleka.

Nyota zote zinacheza na kuvimba kwa pamoja. Hiyo ni hewa. Nyota iliyo karibu na upeo inapenya hewa nyingi kuliko iliyo utosini. Tazama juu zaidi angani, na usitazame kupitia kioo cha dirisha wala juu ya bati lililokuwa likichomwa na jua mchana kutwa.

Katikati ni safi, pembeni nyota zimetawanyika

Hii ipo hata kwenye darubini za bei kubwa, ila kwa kiasi kidogo. Weka nyota angavu katikati, kisha isogeze kuelekea ukingoni uone inaanza kuharibika wapi. Ikibaki nukta mpaka zaidi ya nusu ya njia, kwa bei ya chini umepata kitu. Ikiharibika robo ya njia, utakuwa unatazama anga kupitia tundu. Jaribu pia kukaza upya nyota ikiwa ukingoni: ikirudi kuwa nukta, chanzo ni picha iliyopinda, na macho ya kijana huweza kuifidia kwa sehemu, isiporudi, ndivyo lenzi zilivyo na hakuna cha kufanya. Kwa kasoro hii peke yake nisingeirudisha darubini. Unakitazama kitu katikati, na pembeni unapatumia kutafuta njia tu.

Picha inatetemeka

Hapa chombo hakina kosa. Darubini inayokuza mara 10 inaukuza na mtetemo wa mikono mara 10, na nyota, kwa kuwa ni nukta, inaonyesha kila mpapatiko. Ndiyo maana 7x50 na 8x42 zinapendwa na wanaotazama kwa mikono mitupu, na 10x50 ndiyo mpaka wa watu wengi. Namba ya kwanza ni kukuza. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. 15x70 ni chombo kizuri sana cha anga, lakini bila stendi ni adhabu.

Lala chali au kaa kwenye kiti cha kuegemea, viwiko viwe kifuani. Shika mirija kwa mbele, karibu na lenzi kubwa, badala ya kuikumbatia nyuma. Fimbo ndefu iliyosimamishwa chini ya darubini nayo inapunguza mtetemo kwa kiwango cha kushangaza. Kabla ya kununua, tazama mbele ya bawaba, kati ya mirija: kifuniko kidogo cha kuzungusha hapo huficha tundu la skrubu la kufungia stendi ya miguu mitatu. Baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hazina tundu hilo, na mimi hilo lingenizuia kununua kuliko kasoro nyingi za vioo.

Anga ni la giza mno, nyota ni chache kuliko nilivyotarajia

Jicho kwanza. Linahitaji kati ya dakika 20 na 30 gizani ili liamke kikamilifu, na kutupia macho skrini ya simu mara moja kunalirudisha nyuma. Tochi iwe nyekundu na hafifu. Kisha anga: Mwezi mpevu na taa za mji hufuta vitu hafifu, na hakuna darubini inayozuia hilo.

Baada ya hapo ndipo upime chombo, na kipimo chake ni rahisi. Mchana, ishike darubini mbele yako kwa urefu wa mkono, ielekee anga jeupe, upande wa jua ukiwa mgongoni. Kwenye kila lenzi ya jicho utaona kiduara cha mwanga kinachoelea. Upana wake unapaswa kuwa kipenyo cha lenzi ya mbele kugawa kwa ukuzaji: 10x50 inatoa milimita 5, 7x50 inatoa 7 na ushee, 8x42 inatoa 5.25. Kipime kwa rula.

Kiduara hicho kinaeleza mambo matatu. La kwanza, ukubwa halisi wa chombo. Ikiwa darubini inaitwa 10x50 na kiduara ni milimita 4, basi ndani kuna kizuizi kinachobana mwanga na umenunua 10x40. Lenzi ya mbele inaonekana kubwa, lakini theluthi moja na zaidi ya mwanga wake haifiki jichoni. Ujanja huu ni wa kawaida, kwa sababu kufunika ukingo wa lenzi mbovu ni rahisi kuliko kutengeneza lenzi nzuri. La pili, prizimu. Kiduara kilicho mviringo na cheupe mpaka ukingoni ni kizuri. Kikiwa na pande zilizokatwa na vivuli vya kijivu, kama almasi, prizimu ni za kioo cha aina ya BK7 badala ya BaK-4 iliyo bora zaidi, au ni ndogo mno kwa mirija hiyo. Mwanga wa pembeni unapotea, ingawa katikati picha inaweza kuwa safi. Usiamini maandishi ya boksi katika hili, tazama kiduara. La tatu, kiduara kiwe kimezungukwa na weusi. Mwanga mwingine unaong'aa kando yake ni mwanga unaorandaranda ndani ya mrija na kuifubaza picha.

Umri nao una sauti. Mboni ya kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi gizani, na kwa watu wengi wenye miaka 60 hufika 5 tu. Aliye na mboni ya milimita 5 akitazama kwa 7x50, mwanga wa ukingoni unagonga nje ya mboni. Darubini ni nzima. 10x50 ndiyo ingemfaa zaidi.

Kisha utando, yaani tabaka jembamba linalopakwa kwenye kioo ili kisirudishe mwanga. Kila uso wa kioo usiopakwa utando hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na mrija mmoja huwa na nyuso kama kumi. Zote zikiwa tupu, takriban theluthi moja ya mwanga inaishia njiani. Shika darubini chini ya taa na utazame taswira za taa ndani ya lenzi: za kijani, zambarau au bluu iliyokolea ni dalili ya utando, nyeupe angavu kama kwenye dirisha ni kioo kitupu. Tazama pande zote mbili, kwa sababu viwanda vingine hupaka lenzi ya mbele tu, pale mnunuzi anapotazama. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama rubi zipite. Zinatupa nje mwanga mwekundu, na nyota za rangi ya chungwa, ambazo ni raha ya darubini ndogo, zinapoteza uzuri wake.

Kwa bei moja, yenye mirija iliyopinda (ile yenye mabega, kwa mfumo wa prizimu ambao Ignazio Porro aliusajili mwaka 1854) karibu kila mara huishinda yenye mirija iliyonyooka. Prizimu za mirija iliyonyooka zinadai usahihi mkubwa na tando za ziada, na pesa hizo kwenye chombo cha bei nafuu hazijatumika.

Mwezi una pindo la rangi, au una mwenzake

Pindo jembamba la zambarau au kijani kwenye ukingo wa Mwezi ni la kawaida kwa lenzi za bei hii. Hakikisha macho yako yako katikati ya lenzi, maana jicho likienda pembeni rangi huongezeka. Kama pindo ni nene kiasi cha kuonekana hata kwenye nyota angavu iliyo katikati kabisa, lenzi ni mbovu.

Mwezi hafifu wa pili unaoelea kando ya ule halisi ni mwanga uliogongana kati ya nyuso za kioo. Usogeze Mwezi: mwenzake akienda upande wa pili, ni darubini, mvaa miwani avue kwanza, maana nayo hufanya hivyo. Si sababu ya kuirudisha, isipokuwa kama Zuhura na nyota angavu nazo zinazaa wenzake.

Vivuli vyeusi vinaingia na kutoka

Jicho haliko pale kiduara cha mwanga kilipo. Asiyevaa miwani anyanyue mipira inayozunguka lenzi za jicho, mwenye miwani aikunje chini. Mwenye miwani anahitaji darubini inayoruhusu jicho likae angalau milimita 15 kutoka kwenye lenzi. Pungufu ya hapo ataona katikati ya picha tu, na hakuna marekebisho yatakayoongeza nafasi hiyo. Ni jambo la kujaribu kabla ya kulipa.

Ukungu kwenye vioo

Wa nje ni umande. Kioo kilichotazama anga wazi hupoa kuliko hewa na kukusanya maji. Usifute, kila ukifuta unasugua vumbi kwenye utando. Funika lenzi unapopumzika, ielekeze darubini chini, na ukiona inaanza iweke ndani ya koti. Ukiingia nayo kwenye chumba chenye joto, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto.

Wa ndani ni habari nyingine: hewa yenye unyevu imeingia kwenye mirija, jambo ambalo darubini zilizojazwa naitrojeni na kuzibwa hazina. Ifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika jeli kwa siku kadhaa. Ukungu ukirudi usiku unaofuata, kuna mwanya. Na ukimulika tochi ndani ukaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Inakula utando wa kioo, na alama zake hubaki hata ikisafishwa. Darubini iliyotumika yenye nyuzi hizo usiinunue kwa bei yoyote. Vumbi kidogo ndani, kwa upande mwingine, halionekani kwenye picha kamwe. Wanaoifungua ili kulitoa huisogeza prizimu na kujitafutia tatizo la kwanza kwenye orodha hii.

Namba za boksi na ninachokiona haviendani

Darubini inayoingia mfukoni na kuandikwa 60x60 au 100x haikuzi hivyo. Pima: tazama ukuta wa matofali kwa jicho moja kupitia darubini na jingine likiwa tupu, uhesabu matofali mangapi ya jicho tupu yanaingia kwenye tofali moja lililokuzwa. Namba hiyo ndiyo ukuzaji. Maneno kwamba inaona usiku hayana maana yoyote kwenye chombo kisicho na betri.

Upana wa eneo nao unapimika, kwa nyota zenyewe. "Mita 114 kwa mita 1000" ni sawa na nyuzi (digrii) 6.5. Nyota za juu na chini za Msalaba wa Kusini zimeachana nyuzi 6, na nyota mbili za Dubu Mkubwa zinazoelekeza kaskazini, Dubhe na Merak, zimeachana nyuzi 5.4. Zisipoingia pamoja kwenye darubini iliyoahidi 6.5, ahadi haikuwa ya kweli.

Vipimo vyote vimepita, lakini Zohali haina pete

Wala haitakuwa nazo. Kwa ukuzaji wa mara 10 Zohali ni nyota ya manjano, labda imerefuka kidogo. Pete zinaanza kujitenga kwa ukuzaji wa zaidi ya mara 25, juu ya stendi. Nyota nazo hazivimbi kamwe, ziwe zimekuzwa mara ngapi. Ikivimba, haijakazwa. Galaksi ya Andromeda ni wingu la kijivu lisilo na rangi, na ndivyo linavyoonekana kwa kila mtu.

Vitu vya kupimia chombo ni vingine. Miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610 inaonekana kwa 10x50 iliyotulia, ingawa si yote kila usiku, maana mmoja huweza kuwa mbele au nyuma ya sayari. Mizar na Alcor, nyota mbili jirani kwenye mkia wa Dubu Mkubwa, ziachane kwa urahisi hata mkononi. Albireo, nyota ya dhahabu yenye mwenzake wa bluu kwa umbali wa sekunde 34 tu za tao (uzi mmoja wa pembe una sekunde 3600), ni mtihani mgumu: 10x50 nzuri juu ya stendi inazitenganisha kwa shida kidogo. Ikiwa Albireo iko juu angani, hewa imetulia, na bado unaona moja, rudia utaratibu wa gurudumu na pete, kisha jaribu mrija mmoja mmoja; mrija mmoja ukizitenganisha na mwingine ukashindwa, una la kumwonyesha muuzaji.